Kanda ya Asava

Kwa Asava, nyuma ya kinu cha unga pale Mbale,
shilingi tano benchi, mbili tundu la msumari,
tuliitazama ile filamu ya mwenye barakoa
hadi kanda ikaota mvi:
michirizi myeupe ikipita usoni mwa kila mtu,
aliyeuawa na atakayeuawa.

Jina lake hatukulijua. Karatasi ilibanduka zamani.
Tuliiita Ya Kisu, nayo ikaitika.

Mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati
mayowe yote yalizama.
Tuliona vinywa tu, vimeachama kama vya samaki,
ndipo kila mtu alipopata nafasi ya kusema.

Lumadede wa bucha: Ile si damu.
Damu ikipigwa na hewa huwa nyeusi, huganda, huita nzi.
Ile ni rangi ya milango,
tena imezimuliwa.

Vugutsa, mlinzi wa usiku kiwandani kwa majani chai,
alimtetea muuaji kwa jambo moja tu: mwendo.
Mnacheka kwamba anatembea, akasema,
wao wanakimbia na bado anawafikia.
Anayekimbia usiku ni mgeni.
Mwenye zamu hutembea.

(Hilo lilinitisha kuliko kisu.
Wiki nzima nilisikiliza nyayo za Vugutsa
zikishuka njia ya kwetu, alfajiri,
bila haraka yoyote.)

Mwalimu Chahilu aliona funzo.
Waliobusiana ndio waliotangulia. Aliyebaki ni nani?
Aliyeosha vyombo!
Akakohoa, akatukazia macho sisi wavulana,
na mke wa mtu aliyeketi karibu naye
akasogea kidogo.

Kageha aliingia kukwepa mvua tu, na beseni lake la nyanya.
Alitazama robo saa, amesimama.
Huyu mtoto amepiga nduru mara tatu.
Hawa watu hawana jirani?
Hata mbwa?
Kwetu nduru ya kwanza hufungua milango,
ya pili huleta mienge.
Mvueni huyo barakoa yake, mtakuta mtu tu.
Kinachotisha hapo ni nyumba iliyo peke yake.
Akajitwika beseni, akatoka.
Nyanya mbili zilibaki sakafuni gizani
na hakuna aliyethubutu kusogeza mguu.

Endagwa hakusema. Alilipa tano kila Jumamosi
na kila Jumamosi, kisu kikiinuliwa,
alitoka akasimama kwenye matone ya paa.
Alirudi msichana akishafika ghalani.
Alikuwa ameishi Nairobi miaka sita.
Hatukumuuliza.

Sasa, mwisho.
Msichana anashika komeo la mlango wa ghala,
hatua ziko nyuma yake, mlango umekwama,
anasukuma kwa bega, mara mbili,
na hapo ndipo shemeji yake Asava alipokuwa amerekodi harusi.

Mlango unafunguka na ni Chavakali, jua la saa saba,
akina mama wanapiga vigelegele,
keki ya ngazi tatu inainama upande mmoja,
mchungaji anapangusa jasho,
bibi arusi haiangalii kamera.
Dakika kumi na mbili, hadi kanda kukatika.

Hakuna aliyedai pesa zake.
Wapo walioapa kwamba bibi arusi ni yule yule:
tazama shingo, tazama anavyogeuka kuangalia mlango.
Lumadede alikubali kwamba keki, angalau, ilikuwa ya kweli.
Endagwa hakuwahi kuikosa harusi ile.

Juzi, Kisumu, binti yangu Mideva ameipata kwenye simu,
nzima, safi, bila mvi hata moja.
Amecheka.
Baba, hiki ndicho kilikunyima usingizi?
Damu yenyewe ni rangi!
Nikasema ndiyo, ya milango.

Tukafika ghalani. Komeo. Bega.
Nikaweka kidole juu ya kioo, picha ikasimama.
Miaka thelathini, na kumbe sijui.

Kwani atatoka? akaniuliza, amenivuta mkono.
Anatoka, nikasema.
Wamemwekea keki.