Maji ya Nyuma ya Nyumba

Tangu Mfunguo Pili Mize anasema,
"Maji yako yamevunda, samaki siwaoni."

Ni kidimbwi tu, hatua nne kwa tatu,
nilichokichimba mwaka niliostaafu,
nikakisakafia kwa saruji iliyobaki kwenye choo.
Maji ya kifuu. Na chungu ni sisi wawili.

Miaka thelathini na moja, hospitali ya Wete,
nimeinamia hadubini,
nimesoma mikojo ya mji mzima.
Leo kidimbwi cha Jadida kinishinde?

Nikaanza na majani ya mfenesi,
nikayaopoa kwa kifumbu,
Mize akang'aka: "Na tui nichujie nini, soksi?"

Faki akachungulia juu ya ua, akatoa fatwa:
shabu.
Bibi yake akiizungusha mtungini mara tatu,
tope likajishukia lenyewe, kama mtu aliyeaibika.
Nikamwambia mtungi hauna mashavu,
perege anayo, na shabu itayaunguza.
Akanitazama kama mgeni aliyekataa biriani.

Nikatwanga mbegu za mlonge.
Siku ya kwanza maji yakawa uji.
Nikamkanya Yumna, atokapo chuoni,
asiwatupie samaki maganda ya bofulo:
kinachooza chini ndicho kinachopanda juu kijani.
Nikaleta yungiyungi kutoka bonde la mpunga,
kwa kuwa ukoga ule unakula jua,
nao ukinyimwa jua hususuwaa.
Nikaziba tundu la ua wanamopita bata wa Faki
(Faki anaapa hawapiti).
Kisha nikafanya lile gumu kuliko yote:
nikakaa. Sikutia mkono.

Siku ya tisa, baada ya alfajiri,
maji yalikuwa yamefunguka.
Niliona sakafu, na mkwaruzo wa mwiko wangu,
na kijiko tulichomsingizia Yumna Ramadhani nzima,
na perege wanne wamesimama
kila mmoja juu ya kivuli chake.

"Mize! Njoo!"

Akaja. Mkono wake uligusa ukuta
kabla mguu haujashuka kizingiti.
Akatazama sana,
akatazama pasipo na samaki.

"Bado," akasema. "Kama maji ya mchele."

Sikumjibu.
Nilikuwa nayahesabu mengine:
chumvi ndani ya chai,
kofia ya viua iliyolala nusu tangu kaskazi,
sindano anayompa Yumna amtungie uzi,
ujumbe wa simu anaotaka nimsomee
"kwa sauti yako, ndiyo tamu."
Nami nikafurahi! Mimi,
niliyeviona vijidudu vya watu nisiowajua,
sikumtazama jichoni mtu anayenimiminia chai.

Mtoto wa jicho, wanaliita.
Jina la upole
kwa kitu kilichokaa mlangoni na hakitaki kuondoka.

"Jumatatu twende Chake," nikasema.
"Kufanya nini Chake?"
"Macho."
"Macho yangu mazima. Maji yako ndiyo."

Akachuchumaa, akapandisha mkono wa dera,
akatumbukiza vidole.
Wakamjia. Wakamnyonya ncha za vidole
kama watoto wanaotafuta sukari,
naye akafumba macho, midomo ikichezacheza.

"Watano."
"Wanne, Mize. Nimewahesabu."
"Watano, Mbarouk."

Chini ya jani la yungiyungi
mkia ukatikisika.