Sisimizi Wamehama

Tangu Bugando watutajie namba,
kumi na nne nukta mbili,
na daktari kijana aandike kwa kalamu nyekundu
wanga punguza, sukari acha,
sisimizi wamehama nyumba yetu.
Walikuwa na barabara yao nyuma ya kabati,
kutoka ufa wa dirisha hadi kwenye kopo;
miaka ishirini hawakupotea njia.
Sasa wako kwa Mama Ngolo.
Nawaona asubuhi wakipandisha jiwe,
kila mmoja na mzigo wake.

Desemba imefika, Nyanjige,
na hukuniagiza kitu.
Hilo ndilo lililoniuma.
Kila mkesha ulisema: Luhende, mayai, maziwa, sukari nusu kilo,
tupike kile kinywaji cha masista wa Bukumbi
ambacho mama yako alikitoa jikoni kwao
kichwani tu, bila karatasi.
Mwaka huu umekaa unachambua dagaa
kana kwamba tarehe ishirini na nne
ni Jumanne.

Basi nikatoka mwenyewe.
Mwangaluka, nikamwambia muuza mayai wa Mabatini,
nipe sita ya kienyeji,
yenye kiini cha rangi ya kizibao cha bodaboda.
Malai nimeyaengua siku nne, kijiko kwa kijiko,
maana maziwa nayo, nesi alisema,
yana sukari yake ya siri.
Nikaongeza tui la nazi moja
iliyotoka pwani kwa lori,
imechoka kama abiria.

Sufuria ya kwanza niliiharibu.
Mkaa mwingi, mwiko mvivu,
mayai yakashikana, yakawa ya kulia chapati.
Nikasikia umecheka chumbani.
Kicheko cha kwanza tangu Septemba!
Ningeweza kuunguza trei nzima.

Ya pili nikaiweka ndani ya maji ya moto,
mkaa vipande vitatu,
nikakoroga, nikakoroga.
Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga;
hawakusema polepole nayo inaumiza bega.
Hadi mgongo wa mwiko ukavaa ute,
nikachora mstari kwa kidole
na mstari ukakaa.

Hapo mkono wangu, kwa mazoea,
ukapanda juu ya kabati kutafuta kopo.
Ukakuta duara safi
katikati ya vumbi.

Nikatia mdalasini. Vanila matone matatu.
Chumvi ya vidole viwili, kuudanganya ulimi.
Kungumanga nikaikuna hadi ikanikuna mimi.
Saa kumi umeme ukakatika,
nikashuka mwaloni Kirumba kuomba barafu,
kipande kilicholala na sangara usiku kucha;
nikalizungushia jagi kwa nje tu,
nisije nikakunywesha samaki.

Saa mbili usiku, kibatari mezani.
Ulikipokea kikombe kama mtu anayepokea hati ya mahakama.
Ukanywa.
Ukatazama ukuta.
"Hakina sukari."
"Hakina."
Huko chini kwaya ilikuwa inarudia ubeti uleule,
sauti ya tatu bado inawashinda.
"Sasa kina nini?"
Nilitaka kusema siku nne za malai,
nilitaka kusema bega,
nilitaka kusema ile kumi na nne nukta mbili
ninayoihesabu usiku nikisikiliza pumzi zako.
Nikasema, "Kungumanga."

Ukasogeza kikombe.
"Ongeza. Kidogo, Luhende, nesi alisema kimoja."
Nikamimina nusu, mkono ukatetemeka,
tone likadondoka mezani.

Akaja sisimizi mmoja, sijui katokea wapi.
Akalizunguka tone, akalipapasa,
akasimama akifikiri,
kisha akashika njia ya kwa Mama Ngolo.
Nenda, nikamwambia.
Hiki si chako.