Mkanda wa Kumi na Saba

Harusi nimeziweka kulia, misiba kushoto,
ubatizo na kipaimara ndani ya boksi la sabuni.
Huu umebaki mkononi.
Ubavuni, peni ya bluu: Kabula, Nyegezi, 1996.

Shangazi Nyanzobe anacheza, kitenge kimemlegea kiunoni,
wadudu wa ziwani wanaizonga taa ya kamera,
kisu kimegusa keki —
chenga, mistari,
mvua juu ya mabati ya Igoma,
jeneza la babu,
na shangazi yuleyule, kitenge kilekile
sasa kimeziba mdomo.

Baba alibana matumizi.
Keki haijakatwa mpaka leo.

Kabula kapiga simu kutoka Ukerewe:
“Wangu umeuona?”

Nimemwambia bado natafuta.
Naurudisha nyuma, polepole, kwa kalamu.