Jani Lililofanana na Sale

Ghorofa ya nne, mjini Lodz, niliishi miaka tisa.
Chini yangu Bi Halina, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyelala wakati wenzake wanaanika nguo.

Jumamosi moja mchana nilitwanga karanga
zilizotoka Old Moshi zimefungwa ndani ya soksi.
Akapanda ngazi, macho mekundu, nywele upande mmoja,
akasema maneno ambayo nusu yake niliyajua.
Nikamjibu kwa Kiswahili, taratibu, nikitabasamu,
tusi la sokoni, refu, lenye mama ndani yake.
Nilidhani nimejificha nyuma ya lugha.
Kumbe tusi halihitaji mkalimani.
Akashuka. Siku arobaini hakunisalimia,
na kule salamu yenyewe ni kichwa tu kuinama kidogo,
lakini kichwa kile nilikikosa kama chumvi.

Nyumbani ningejua la kufanya.
Ningekata jani la sale mpakani mwa kihamba,
ningelifunga fundo, ningelipeleka nimeinamisha uso,
na mtu akiletewa sale hakatai:
akikataa, ukoo mzima utamuuliza ana moyo wa nini.
Lodz, sale utalipata wapi?
Nikazunguka duka la mboga hadi nikaona liki,
jani refu, pana, kijani kile kile cha mpakani kwetu.
Nikafunga fundo. Nikaacha mlangoni. Nikakimbia.

Jioni akabisha hodi. Ameshika bakuli.
Alikuwa amepika supu ya liki yangu, na viazi,
akauliza kwa upole kwa nini niliifunga fundo,
maana lilimsumbua kulikata.

Hapo ndipo nilipokwama.
Jani lilikuwa limefika, maana yake imebaki njiani.
Ikabidi niseme. Mimi, mtoto wa watu wa jani,
nikasimama kwenye mkeka wa kufutia viatu
nikiokota neno moja moja la lugha ile,
kama mtu anayevuka mto Rau kwa kurukia mawe:
"Nilikutukana. Ulikuwa umechoka. Nilijua umechoka."
Supu haikuwa na chumvi ya kutosha. Niliimaliza.

Msidhani ugeni ulinitakasa.
Kule kule nilijifunza pia risiti:
kila senti na karatasi yake, kila karatasi na faili lake.
Baba alipofariki sikuweza kuja.
Nikatuma pesa ya jeneza kwa kaka yangu Eliringia
na chini yake ujumbe:
"Nitumie risiti."
Akanituma. Picha ya risiti, imelowa pembeni.
Miaka minne hatukuzungumza.

Desemba hii nimepanda, kama wote wanavyopanda.
Mlima umejifunika, haujali nani karudi.
Nikakata sale pale pale mpakani,
nikafunga fundo, vidole bado vinakumbuka,
nikamkuta migombani anakata majani ya ng'ombe.
Aliliona. Akaweka panga chini, akanyoosha mkono,
kwa sababu desturi ni desturi.

Sikumpa.
Nikalishika nyuma ya mgongo, nikasema,
"Ulikuwa unamzika baba peke yako
na mimi nikakudai karatasi."
Kichagga changu kilikuwa kimeota kutu.
Akanitazama muda mrefu.
"Huko ulikokuwa," akasema, "ndivyo wanavyoombana radhi?"
Nikasema sijui. Huko nilimpa mtu liki, akaipika.

Hakucheka. Alichukua jani, akalichomeka mfukoni mwa shati,
akafunga mzigo kwa kamba ya mgomba,
akanitwika.
Shingo yangu imesahau. Tukapanda kuelekea zizini,
yeye mbele, hageuki,
akipunguza mwendo kila nilipoteleza.