Viti Mia Mbili vya Matanga

Odundo wa Kibuye ananionyesha tairi
linang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
"Mama, hili halijagusa lami."
Napiga magoti vumbini, nasugua ubavu wake kwa kidole na mate,
nazitafuta namba nne zilizojificha:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na mbili.
Halijagusa lami, kweli,
ila limekaa juani miaka mingi kuliko mwanangu darasani.
Mna nyufa, nyembamba kama mistari ya kiganja,
na mimi sihitaji mpiga ramli kunisomea.

"Nataka ya mzigo, Odundo, si ya gari la kwendea kanisani.
Mawili ya rika moja, ubavu mgumu,
na la tatu la akiba."
Anacheka, anataja bei. Mimi sicheki.

Desemba iliyopita, mteremko wa kuja Kiboswa,
Adagala alipakia jenereta nyuma kabisa
ili aishushe upesi.
Mbele palikuwa na maturubai tu, yamekunjwa kama mashuka.
Ulimi wa tela ukainuka, ukaibeba pikapu mkiani,
kisha likaanza: kushoto, kulia, kushoto,
kama ndama aliyekataa josho.

Hakukanyaga breki. Hilo namshukuru.
Aliachia mafuta polepole,
akashika usukani kama mtu aliyejitwika mtungi,
mpaka tela likachoka lenyewe.
Viti arobaini vilibaki mtaroni, miguu juu.
Watoto wa shule walituletea kimoja kimoja,
wengine wakivikalia kwanza.

Sasa napakia mwenyewe.
Jenereta mbele kidogo ya ekseli,
spika zikiibana huku na huku, uzani sawa,
nimezipima kwa mizani ya mahindi.
Vyuma vya hema chini, katikati. Viti juu.
Kamba nazivuta mpaka zilie.
Halafu nauinua ulimi wa tela kwa mikono miwili, nausikiliza:
mzito, lakini si wa kuivunja pikapu mgongo.
Na upepo napima alfajiri,
kabla matairi hayajapata joto la safari yakanidanganya.

Adagala ananguruma pamoja na injini.
Tumechelewa, anasema, maiti imeshatoka mochari,
Mbale nzima inatungoja imesimama.

Isimame, namwambia.
Watakaokalia viti hivi wamekuja kumlilia mtu mmoja.
Hesabu hiyo
nataka ibaki ilivyo.