Neno Lenye Mkia

Kitabu tulikiazima kwa mwalimu Mwanasiti,
mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa gunia:

*Paka kala nyama,
mama katazama,
paka kainama.*

Siku ya tatu Shee akakisoma chote,
kitabu kikiwa juu chini.
Kumbe hasomi, anaghani.
Nikamfunika paka kwa kiganja,
nikamwachia herufi peke yake.

Ma. Ma-ma.
Akabadili mdomo: ka. Ka-ma.
La-ma. Za-ma.
Kila neno likaja limeshika mkia wa mwenziwe
kama watoto wa chuoni
wakivushwa barabara pale Majengo.

Jioni nachekecha unga wa mahamri,
akaniita mlangoni.
Karatasi. Gundi bado mbichi,
sahihi ya mwenye nyumba.
Kidole chake kikaruka jina langu,
kikaruka miezi na deni,
kikatua penye herufi kubwa.

"Ha," akasema. "Ha-ma.
Hama! Kama mama!
Nimesoma mwenyewe!"

Mikono yangu ilijaa unga hadi viwikoni.
Nikampigia makofi.
Vumbi jeupe likatanda baina yetu,
naye anacheka,
anataka neno jingine.