Nukta

Kisiwa kile sijawahi kukikanyaga.
Nakijua kwa kalamu tu:
nukta, ndogo kuliko punje ya wimbi,
mezani kwangu Ruaraka, ghorofa ya pili,
kando ya dirisha lisilokubali kufungika.

Mwaka wa kwanza walisema, kipake waridi, ni chetu.
Wa pili ikaja barua yenye muhuri:
kiache cheupe kwanza, mazungumzo yanaendelea.
Wa tatu Bwana Kithome aliniinamia begani,
pumzi yake tangawizi tupu, akanong'ona:
"Tia mstari wa vidoadoa, Nelima.
Usikaze mkono."
Nikaulegeza mkono.

Faili lake ni nene kama matofali mawili.
Humo kisiwa kina majina matatu
na hakuna hata moja ambalo kimewahi kuliitika.
Kuna picha iliyopigwa kutoka angani: mwamba,
kinyesi cheupe cha minandi,
kichaka kimoja kilicholalia upande.
Hakuna mtu, hakuna jiko,
hakuna hata kaburi
la kumfanya mtu aseme, hapa ndipo kwetu.

Minandi niliihesabu kwa lenzi.
Kumi na wanne, wameanika mbawa.
Wanane kwetu, watano kwao,
na mmoja aliyeruka kamera ilipofumba jicho.
Huyo nimeshindwa kumpanga.

Juzi Wabwile alipiga simu kutoka nyumbani:
kigingi cha shamba la baba kimetembea tena usiku,
hatua mbili, kuielekea migomba yangu.
Kigingi, anasema. Kimetembea.
"Si wewe ndiye mjuzi wa mipaka?"
Nikacheka. Nikatafuta la kumjibu,
na salio lake likaisha kabla sijalipata.

Leo mvua ya Aprili imepenya dirishani.
Tone moja limetua katikati ya ziwa,
likatambaa taratibu, kama lililotumwa,
hadi kwenye nukta,
na wino ukaanza kutanuka.
Kisiwa kikafika ukubwa wa kata,
kikafika tarafa,
kikameza vidoadoa vyangu vyote vya mwaka wa tatu,
na rangi yake haikuwa waridi wala nyeupe.

Karatasi ya kukaushia ilikuwa mkononi.
Kithome alikuwa ngazini, nasikia viatu vyake.
Sikuharakisha.